Naliaka na Milango Iliyong'olewa

Naliaka Wekesa alivunjwa mkono wa kulia kwa nyundo ya fundi, mchana kweupe, katika uwanja wa ploti moja ya nyumba za kupanga, mtaa wa Kabiria, Nairobi, mbele ya majirani waliomjua kwa jina, na kwa miezi mingi baadaye hakuna mtu aliyeitwa popote kueleza kwa nini. Dhuluma ya pili alitendewa kwa maneno matupu: ilisemwa kwamba ameacha kutengeneza video kwa sababu amechoka. Wanaoandika juu ya watayarishaji wa video za mtandaoni wanalipenda sana neno hilo. Huyu kachoka, yule kaishiwa na mawazo, mwingine watazamaji wamempungukia. Naliaka hakuwa amechoka. Alikuwa amepigwa.

Alizaliwa Kimilili, akaja Nairobi kusomea stashahada ya maendeleo ya jamii, akaolewa na Joash, fundi wa mawe, nao wakapanga vyumba viwili Kabiria, wakamlea humo binti yao Ivyne. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi katika shirika dogo lililokuwa na ofisi katikati ya jiji, likisikiliza malalamiko ya wapangaji. Shirika lilifungwa, malalamiko hayakufungwa. Watu waliendelea kumpigia simu yake mwenyewe, na alasiri moja alipigiwa na mama mmoja aliyekuwa ametoka kufua nguo za watu na kukuta nyumba yake haina mlango.

Katika mitaa ya Dagoretti, Kabiria ikiwa mmojawapo, hili si jambo la ajabu. Mwenye nyumba anayetaka kumwondoa mpangaji anajua kwamba sheria inamtaka apitie kwa wakubwa, asubiri, ajieleze. Basi hamfukuzi mtu. Anatuma vijana wenye mtaimbo, wanang'oa mlango, wanaubeba, wanakwenda zao. Mpangaji ameachiwa nyumba yake, vyombo vyake na kitanda chake. Amenyang'anywa kile tu kinachoifanya nyumba iwe nyumba. Kufikia jioni atakuwa amehama mwenyewe, na mwenye nyumba ataapa kwamba hakumgusa.

Naliaka alikwenda kwa mama yule, akasimama penye tundu la mlango, akawasha simu, akauliza: mlango uko wapi? Kisha akatembea na simu mkononi hadi nyuma ya zizi la mwenye nyumba, alikouona umeegemezwa ukutani, akauliza tena. Swali hilo ndilo lililoipa chaneli yake ya mtandaoni jina, na ndivyo video zake zote zilivyofuata mtindo mmoja. Hakutukana wala hakulia. Alipomaliza, aliituma video katika kundi la kanisa la mwenye nyumba, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba wengi wa watu hawa ni wazee wa kanisa, nao wanaweza kuvumilia barua ya wakili lakini hawawezi kuvumilia kutazamwa na kwaya. Mlango uliong'olewa Jumanne ulirudishwa kabla ya Jumapili.

Kila video aliimaliza kwa maneno yale yale: ukiona uonevu, usinyamaze, toa simu yako urekodi.

Ploti ya Kabiria ilikuwa ya Mungai, mtu mwenye nyumba nyingi za mabati na ndoto ya kuzigeuza ghorofa. Wapangaji wake walikuwa wamelipa kodi hadi mwisho wa mwezi. Walichokosea ni kuwa ndani. Mungai alimkodi Ken, kijana mpana wa mabega aliyejulikana mtaani kwa kazi hizo, na Ken akaja na wenzake. Walianza kwa Veronicah, mama mpishi wa uji aliyeishi chumba cha kwanza. Naliaka alifika wakiwa wameshalegeza bawaba ya juu.

"Zima hiyo kitu, mathe," Ken alisema bila kugeuka.

"Nauliza tu, mlango unapelekwa wapi?"

"Unapelekwa kuoga."

Wenzake walicheka. Naliaka alisogea hatua moja ili uso wa Ken uingie vizuri kwenye picha.

"Na nani amewatuma kuuogesha?"

Hapo Ken aligeuka. Alimtazama kuanzia miguuni kwenda juu, kama mtu anayepima kiunzi.

"Si ni wewe Mama Ivyne wa mtandao," alisema. "Siku zote unatafuta watazamaji. Leo mimi nitakupea watazamaji."

Alimnyang'anya mwenzake nyundo. Pigo la kwanza lilikuwa la simu. Lilimkuta Naliaka akiwa ameikaza, na simu na vidole vikapasuka pamoja. Alianguka kwa magoti. Mmoja wa wenzake Ken alimkanyaga kiwiko, akaushikilia mkono chini kwenye saruji ya karo la kufulia, kama mbao inavyoshikiliwa isiteleze, naye Ken akapiga mara ya pili, juu kidogo ya kifundo. Mfupa ulitoa sauti kavu. Naliaka hakupiga ukelele. Hewa ilikuwa imemtoka. Alichoona, shavu lake likiwa kwenye maji ya sabuni, ni miguu ya majirani waliokuwa wamesimama duara. Aliinua macho atafute mtu. Aliona simu. Kila mkono uliomzunguka ulikuwa umeinua simu, na kila simu ilikuwa imemwelekea yeye.

Walikuwa wengi kuliko akina Ken. Wangetaka, wangewasomba wale vijana na mtaimbo wao hadi barabarani. Lakini walikuwa wamefundishwa, na mwalimu wao alikuwa pale chini: usinyamaze, toa simu yako urekodi. Waliondoka akina Ken wakiwa na mlango mabegani, wakapita katikati ya watu waliowapisha njia huku wakiendelea kurekodi.

Veronicah alimfuata hospitalini akiwa bado na aproni yenye madoa ya uji. Aliketi pembeni mwa kitanda, akaitoa simu yake kwa heshima kubwa.

"Nimechukua yote, Mama Ivyne," alisema. "Hata ile ya pili nimeikamata vizuri. Mkono unaonekana kabisa."

 Naliaka hakumchukia. Alitaka kumuuliza kwa nini hakupiga hata kelele, lakini alilijua jibu, na jibu lenyewe lilimuuma kuliko vidole.

Video ya Veronicah ilipowekwa kwenye chaneli haikudumu. Mtandao uliiondoa kwa kuwa ilionyesha ukatili, na kwa adhabu chaneli nzima ikakatwa matangazo yaliyoiletea pesa. Kwa lugha nyingine, Ken alivunja mkono na Naliaka akaadhibiwa kwa kuuonyesha ukiwa umevunjika. Polisi walimwambia alete ushahidi. Alipowapa, walimwambia asubiri kupigiwa. Hakupigiwa.

Watu wa Kabiria wakafanya wanachokifanya daima jirani anapopatwa na msiba: walichanga. Kundi liliundwa siku hiyo hiyo, mweka hazina akateuliwa, na kabla ya plasta kukauka ujumbe wa akina mama ulibisha hodi kwa Joash ukiwa umebeba sanduku lililofungwa utepe. Ndani yake kulikuwa na kamera mpya, nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kukimiliki Naliaka.

"Sasa hakuna wa kukunyamazisha," alisema kiongozi wao.

Naliaka aliwashukuru, akawaandalia chai kwa mkono wa kushoto. Walipoondoka, Joash alilisogeza sanduku kwa mguu hadi chini ya meza.

"Hawa watu," alisema taratibu, "wangekupata umekufa, wangekununulia kamera ya kuzikwa nayo."

Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kucheka tangu siku ile, na kicheko kiliisha vibaya, Naliaka akiwa amejificha uso kwenye shuka.

Angali na plasta, aliipeleka simu iliyopasuka mjini, kwa fundi wa simu mwenye kibanda juu ya ngazi, mtaa wa nyuma ya River Road. Alitaka kuokoa picha alizopiga mwenyewe kabla ya pigo la kwanza, ambamo Ken anasema na uso wake unaonekana. Fundi alifanikiwa; alimpa kadi ndogo iliyofungwa katika kipande cha gazeti. Naliaka alipokuwa akishuka ngazi, Ken alikuwa akipanda. Haikuwa kwa bahati tu; alikuwa amemfuata. Nyuma ya Ken alikuja mwenzake, akaziba mwanga wa mlangoni.

"Pole kwa mkono," Ken alisema. "Unapona?"

Alimsukuma ukutani kwa kifua, akaushika mkono uliofungwa plasta kwa mikono yake yote miwili, akaanza kuukamua. Alikamua polepole, akimtazama usoni. Plasta ilipasuka. Juu, kibandani, fundi wa simu aliongeza sauti ya redio.

"Lete hiyo kitu."

Naliaka aliuma midomo hadi ikatoka damu. Kisha aliifungua ngumi ya kushoto. Ken aliichukua kadi, akaiweka mdomoni, akaitafuna kama njugu, akaitema miguuni pake.

"Kuna ploti nyingine ya mzee Mungai kule Mutuini," alisema. "Tukikuona huko, tutakuja na nyundo ya mawe. Hii ilikuwa ya misumari."

Usiku ule ule alirekodi sekunde chache kwa simu ya Joash akiwa ameketi kitandani: "Nimeacha. Asanteni." Majibu yalimiminika. Pumzika malkia. Kuchoka ni kawaida, jipende. Wengi walimshauri anywe maji ya kutosha. Aliyasoma yote, akazima simu, na kwa miezi iliyofuata Mama Ivyne wa mtandao hakuwapo. Aliyekuwapo ni mwanamke aliyeogopa ngazi, aliyechomoka jikoni kila aliposikia fundi akigongelea bati la jirani, na ambaye kila asubuhi alijiuliza swali moja tu: nikirudi, nani atakuwa nami?

Ujumbe wa Ciru ulimkuta hapo. Ciru alikuwa meneja wa mfuko mmoja wa ufadhili uliowasaidia watayarishaji wa video walioacha kazi, wenye ofisi katika nyumba ya zamani huko Kitisuru, ambako ua ni mrefu kuliko nyumba za Kabiria na mbwa hupelekwa matembezi na mtu mwenye sare. Naliaka alikwenda kwa sababu Joash alisema, "Nenda uwasikie. Ukirudi na kamera nyingine, mimi nahama."

Ciru alimkaribisha vizuri, akamuuliza habari za mkono kabla ya habari nyingine yoyote, na hilo Naliaka alilihesabu upande wake mwema. Kisha Ciru akaeleza. Mfuko ulikuwa umefanya utafiti. Walioacha walisema wamechoka, wako peke yao, mapato hayatabiriki. Kwa hiyo mfuko ulitoa vifaa: kamera, taa, kompyuta, pamoja na mafunzo ya kupanga muda.

"Mimi muda wangu niliupanga vizuri," Naliaka alisema. "Nilifika kabla hawajamaliza bawaba ya pili."

Ciru alitabasamu, halafu akaacha kutabasamu.

"Niambie basi. Ungepewa nini siku ile, usingeacha?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu wa kusimama nyuma yangu ambaye kazi yake si kurekodi. Na wakili ambaye polisi wanamjua kwa sura. Na pesa ya kula miezi ambayo mkono haufanyi kazi, ili nisirudi barabarani nikiwa na plasta kwa sababu ya njaa. Kamera ninayo, iko chini ya meza. Imekaa hapo tangu siku waliyoileta, haijawahi kumzuia mtu kuingia."

"Bodi yetu hulipia vitu," Ciru alisema. "Kitu unakipiga picha, unakiweka kwenye ripoti. Mtu aliyesimama nyuma yako nitampigaje picha?"

"Utanipiga mimi. Nikiwa mzima."

 Ciru hakuwa mjinga wala hakuwa na roho mbaya; alikuwa amezoea tu kuuliza watu wanahitaji nini baada ya kuwa ameshanunua. Alisema atalipeleka jambo hilo kwa bodi, hakuahidi. Wiki chache baadaye bodi ilikubali majaribio ya miezi mitatu: posho ya Naliaka pamoja na mazoezi ya mkono, Lornah, wakili kijana aliyekuwa akitetea wapangaji kwa kujitolea, na Mulwa, aliyewahi kulinda milango ya kumbi za starehe Westlands na aliyejua namna ya kupokea ngumi bila kuirudisha.

Jambo la kwanza Naliaka alilofanya ni kwenda Mutuini mikono mitupu. Veronicah alikuwa amehamia huko ploti ya Kabiria ilipobomolewa, asijue kwamba mwenye ploti ni yule yule, maana kodi ilipokewa na msimamizi. Sasa wapangaji walikuwa wameambiwa watoke. Naliaka aliwakalisha chini ya waya za kuanikia nguo.

"Niliwafundisha vibaya," alisema. "Rekodi, rekodi, kama kwamba simu ni mtu. Wakija, simu ziende mfukoni. Atakayerekodi ni mimi peke yangu. Nyinyi mtasimama mlangoni kwa Veronicah, mmoja ameshika mwingine, na hamtamgusa mtu isipokuwa amewagusa."

"Na wakipiga?" aliuliza mzee Obuya, kinyozi.

"Watapiga. Ndiyo maana nimewaambia mshikane."

"Mimi nina mgongo mbaya."

"Basi simama katikati, Mzee, ushikiliwe."

Walikuja asubuhi, wakati wa uji. Ken alitangulia, nyundo ya mawe begani kama alivyoahidi. Mungai mwenyewe aliketi ndani ya gari langoni, kofia kichwani, dirisha limeshushwa kidogo. Alipomwona Naliaka amesimama na kamera katika mkono wa kushoto, alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa hesabu aliyodhani imefungwa.

"Wewe mama, si uliacha hii kazi?"

"Niliacha, Mzee. Mlango huu unapelekwa wapi?"

Ken hakusubiri jibu. Alimwendea moja kwa moja. Naliaka alisikia mkojo ukitaka kumtoka. Mkono wa kulia, ambao tayari madaktari walikuwa wamesema umepona, ulijikunja wenyewe kifuani. Hakurudi nyuma kwa sababu nyuma yake kulikuwa na Mulwa, na Mulwa alikuwa akisema kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto, "Shikilia hapo, siste. Shikilia hapo." Nyundo ilipoinuka, Mulwa alimpita kwa pembeni akaingiza bega. Pigo lilimkuta penye mtulinga, mfupa wa bega, akaguna, akamkumbatia Ken kiunoni na kuanguka naye.

Wenzake Ken waliurukia mlango. Mnyororo wa watu ulipigwa mateke, mtaimbo ukapasua paji la uso la mzee Obuya, damu ikammwagikia machoni, lakini waliomshika hawakumwachia aanguke. Simu moja ilionekana ikiinuka. Jirani aliigonga ikaanguka. Kijana mmoja alipomkamata Veronicah nywele, Veronicah alinyoosha mkono nyuma yake, akaitoa sufuria motoni, akamwagia uji kuanzia kifuani hadi magotini. Yowe la kijana yule lilisimamisha wote. Kisha akina mama wakamkalia Ken. Walimkalia kwelikweli, wanne, na kila alipojinyanyua walimbamiza uso kwenye kokoto, hadi Naliaka alipowaambia basi inatosha, akalazimika kusema mara tatu.

Lornah hakuwapo. Tangu alfajiri alikuwa kwenye benchi la kituo cha polisi, faili mapajani, akimtazama afisa wa zamu bila kusema neno, mpaka afisa alipoona kwamba kuondoka naye ni rahisi kuliko kuendelea kutazamwa. Waliwasili vumbi likiwa halijatulia. Gari la Mungai lilikuwa limeshageuza, lakini bodaboda walikuwa wameziba njia ya kutokea, na afisa, akiwa na wakili ubavuni kwake, hakuweza kujifanya haoni namba za gari lile.

Naliaka aliizima kamera. Alizunguka nyuma ya nyumba akatapika, akanawa uso kwa maji ya karo, akarudi kumfunga Obuya kitambaa. Obuya alimuuliza kama ametoka vizuri kwenye picha.

"Umetoka kama shujaa, Mzee."

"Na mgongo?"

"Mgongo hauonekani."

Jioni Joash alimkuta ameketi mezani, akijaribu kufunga vidole vya mkono wa kulia kwenye mpini wa kamera. Viwili havikukunjika, na havitakunjika tena.

"Mama Ivyne, utarudi?" alimuuliza.

"Na Mulwa awe amelazwa hospitali bure? Nitarudi. Lakini bodi ikisema itaniondolea hawa watu ibakize kamera, siku hiyo hiyo naacha, na safari hii nitasema kwa nini."

Alimwandikia Ciru maneno hayo hayo kama yalivyo. Ciru aliyasoma mbele ya bodi bila kuyapunguza.

Tarehe 6 Oktoba 2025 mfuko wa Kitisuru ulibadilisha kanuni zake: kila mtayarishaji wa video anayefadhiliwa hulipiwa kwanza wakili, matibabu na mtu wa kuandamana naye kazini, na ndipo vifaa hufuata; watayarishaji tisa waliokuwa wameacha wamerejea kwa mpango huo, na Naliaka Wekesa ni mmoja wao.